Upagani wa kisasa na kumuenzi Mungu wa Kike Lamu na Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mkazi wa Lamu, Shela, Matondoni au Malindi, awe mwenyeji au mgeni, anayefuata njia hii au anayetaka tu kuelewa jirani yake anafanya nini juu ya paa mwezi ukiwa mpevu. Maelezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukiyabeba yalivyo ukayaleta digrii mbili au tatu kusini mwa ikweta, utajikuta unashangilia mwisho wa theluji katika jua la Februari. Ndiyo sababu majibu mengi hapa yanarudi kwenye mambo matatu: mwezi, maji na upepo.

Upagani wa kisasa ni nini hasa?

Ni jina la pamoja la njia nyingi zilizokua au kufufuliwa katika karne ya 20: Wicca, Udruidi (unaofuata makuhani wa kale wa Ulaya magharibi), Ásatrú ya Iceland (ibada ya miungu ya kale ya kaskazini mwa Ulaya) ambayo serikali ya huko iliitambua mwaka 1973, pamoja na makundi yanayoabudu miungu ya Misri, Ugiriki au Roma ya kale. Wicca ilijitokeza hadharani Uingereza baada ya sheria ya uchawi ya huko kufutwa mwaka 1951. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, mstaafu wa idara ya forodha, na Doreen Valiente ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya maneno ya ibada ambayo wengi wanayasoma hadi leo. Ireland, mwaka 1976, ilianzishwa Fellowship of Isis, chama kinachompa heshima Mungu wa Kike kwa majina yake yote.

Hakuna kitabu kimoja kitakatifu. Hakuna kiongozi mkuu, wala shahada au ubatizo unaokubalika kote. Wengi wanafuata njia hii peke yao nyumbani.

Kwa hiyo ni dini ya kale au ni kitu kipya?

Miungu wa kike wenyewe ni wa kale sana. Enheduanna, kuhani wa mji wa Ur katika Iraki ya leo, alimtungia mungu wa kike Inanna tenzi miaka zaidi ya 4,200 iliyopita. Hekalu la Isis katika kisiwa cha Philae, kusini mwa Misri, lilifungwa katika karne ya 6 BK tu, kwa amri ya Mfalme Justinian. Lakini utaratibu wa ibada ambao Mpagani wa leo anaufuata, yaani duara, pande nne na sikukuu nane, ni wa karne iliyopita. Mtu akikuambia ameurithi bila kukatika tangu zama za mawe, muulize kwa upole ameurithi kwa nani.

Yako madai mengine mawili ya kuyaacha. La kwanza, kwamba wanawake milioni tisa walichomwa Ulaya kwa tuhuma za uchawi. Makadirio ya wanahistoria wengi ni kati ya watu 40,000 na 60,000, na si wote walikuwa wanawake. Idadi hiyo inatosha kutisha bila kuongezewa chumvi. La pili, kwamba Mungu wa Kike tangu kale alijulikana na dunia nzima kwa sura tatu: msichana, mama na bibi kizee. Hekate wa Wagiriki alichongwa na sura tatu, ni kweli, lakini mpango huo wa umri tatu ulienezwa na mshairi Robert Graves mwaka 1948. Unaweza kuutumia ukikufaa. Usiufundishe kama historia.

Mungu wa Kike ni mmoja au wako wengi?

Wapagani hawakubaliani, na hawaoni haja ya kukubaliana. Wapo wanaosema majina yote ni ya mmoja. Wapo wanaosema Isis wa Misri ni Isis na Brigid wa Ireland ni Brigid, na kumwita mmoja kwa sifa za mwingine ni kukosa adabu. Wapo pia wanaomchukulia kama sura ya uhai wenyewe, bila kuamini nafsi inayosikia. Ushauri wetu kwa anayeanza: chagua jina moja, soma habari zake kwa miezi mitatu hivi, halafu ndipo umwite. Anayeita saba kwa usiku mmoja kwa kawaida hajui habari za hata mmoja wao.

Angalia vilevile kwamba miungu wa kike wengine wana wenyewe walio hai. Lakshmi na Durga ni wa Wahindu. Oshun ni wa Wayoruba, na msitu wake wa Osogbo huko Nigeria uko katika orodha ya UNESCO tangu 2005. Nenda kwa wenyewe ukajifunze kabla ya kuchukua.

Je, huu si uchawi?

Swali hili halina utani katika pwani hii. Kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi imo ndani yake, ina wazee waliouawa au kufukuzwa makwao kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Mgeni anayejiita mchawi kwa fahari kwa sababu neno hilo linapendeza Uingereza haelewi anacheza na nini, na atakayeumia si yeye. Ni yule bibi aliyemkaribisha nyumbani.

Kisheria, Katiba ya 2010 katika ibara ya 32 inalinda uhuru wa dini na imani, na ibara ya 8 inasema hakuna dini ya dola. Wakati huohuo Sheria ya Uchawi, sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, bado imo vitabuni. Inamhusu anayejidai ana uwezo wa kuroga, anayetia watu hofu kwa hirizi na anayefundisha wengine kudhuru. Ibada ya shukrani nyumbani kwako haimo humo. Kuuza dawa za mapenzi, kujitangaza kuwa unafichua wezi kwa kutazamia, au kumtishia mtu kwa maneno, huko ndiko kujitafutia kesi.

Kwa vitendo, basi: usifukie kitu mlangoni au shambani kwa mtu, usitumie nywele, kucha wala mifupa, usitaje jina la jirani katika ibada hata kwa kumuombea heri bila ruhusa yake, na usiache mabaki ya mishumaa na vitambaa vyekundu njia panda. Hivyo vyote hapa vina maana tayari, na maana hiyo haitokani na wewe.

Mimi ni Muislamu, au Mkristo. Naweza kuchanganya?

Tuseme wazi. Kwa Muislamu, kumwabudu yeyote pamoja na Mwenyezi Mungu ni shirki, na hakuna maelezo matamu yanayoibadilisha hukumu hiyo. Makanisa ya hapa nayo yatakuambia vivyo hivyo. Wako Wapagani wa Ulaya wanaosema kila dini ina nafasi mezani kwao, lakini meza ni yao. Unayetaka kujua tu, soma na uulize, kuelewa si kuabudu. Na Mpagani asimvute kijana wa watu kwenye ibada kwa kumwambia ni yoga tu au ni utamaduni. Huo ni udanganyifu.

Madhabahu niiweke wapi, na niweke nini juu yake?

Nyumba ya mawe ya Lamu tayari ina mahali: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Chagua kidaka kimoja kilicho usawa wa kifua, kisichopigwa na upepo wa dirishani. Nyumba ikiwa ya kupanga, muombe mwenye nyumba kwanza, maana nakshi za chokaa za zamani zikiingia moshi hazisafishiki kwa kusugua. Katika nyumba ya kawaida, meza ndogo au rafu inatosha. Usiweke chini ya makuti kitu chochote chenye moto. Kusi likivuma, cheche moja inatosha kuondoka na mtaa.

Vitu vya kuanzia ni vichache: sanamu, picha, au jiwe tu la kumwakilisha, kikombe cha maji, taa, chetezo cha udongo, na kitu kibichi kilichoota hapa. Asumini, rihani na mkadi ni bora kuliko maua ya waridi yaliyosafirishwa kutoka Nairobi, na kikuba kinachosukwa na kina mama wa mitaani kinakaa siku nzima kikinukia. Sanamu haina lazima iwe ya Ugiriki. Fundi wa nakshi anaweza kukuchongea umbo la kawaida la mwanamke au la mwezi, ila mweleze ni la nini ili akatae akitaka kukataa.

Yanayoharibika, na sababu zake:

Chetezo hupasuka kwa sababu kaa la moto limewekwa moja kwa moja juu ya udongo mkavu. Tandika majivu au mchanga mkavu unene wa vidole viwili kwanza. Kaa moja la ukubwa wa kidole gumba linatosha chumba kizima, na ubani ni punje moja ya ukubwa wa mbaazi kwa mara moja. Ukirundika, unapata moshi mweusi wa kukohoza badala ya harufu. Yale makaa ya duara yanayojiwasha yana kemikali, hivyo subiri hadi yafunikwe na jivu jeupe kabla ya kuweka ubani au udi. Na usifunge madirisha, kwa kuwa hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua.

Mishumaa hapa hulegea na kuinama kwa joto hata bila kuwashwa. Taa ya chemni au kibatari kidogo cha mafuta ya nazi ndani ya gilasi huhimili vizuri zaidi. Bakuli la shaba ukitia maji ya chumvi huota kutu ya kijani. Maziwa na asali usiviweke humo kama unakusudia kuvinywa baadaye, tumia udongo au kauri. Asali nayo huita sisimizi, kwa hiyo weka kikombe ndani ya kisahani chenye maji. Maziwa yakiachwa kutwa yanachacha, na paka wa Lamu hawangoji yachache. Wapagani wengi huona paka akinywa kuwa sadaka imepokewa. Ni rai nzuri, na inapunguza kuosha vyombo.

Nifanye nini kila siku? Sina saa nzima ya ibada.

Hakuna anayekudai saa nzima. Dakika tano asubuhi na mbili usiku ni nyingi kwa mtu mwenye kazi.

Asubuhi: nawa mikono na uso, mwaga maji ya jana kwenye mmea (si kwenye sinki), jaza kikombe maji mapya, washa taa, taja jina lake na useme shukrani moja ya jambo halisi, si shukrani ya jumla. "Kwa mvua ya jana", "kwa homa ya mtoto iliyoshuka". Kaa kimya pumzi kumi. Zima taa. Usiku: tazama mwezi uko wapi na maji yako wapi, sema neno moja, ulale. Wanaoshindwa hushindwa wiki ya pili kwa sababu walianza na ibada ya dakika arubaini yenye vitu kumi na viwili. Anza na maji peke yake. Baada ya mwezi mzima ongeza taa.

Kazi za nyumbani zenyewe zinaweza kuwa ibada bila kuongeza chochote. Anayemuenzi Hestia, mungu wa meko wa Wagiriki, humpa kipande cha kwanza cha chakula. Anayekuna nazi anaweza kufanya hivyo kwa chicha la kwanza kabla halijaenda kwa kuku. Jambo la msingi ni kulitenda ukijua unamtendea nani.

Sikukuu nane za mwaka nizifuateje wakati hapa hakuna baridi wala majani kupukutika?

Usizifuate jinsi zilivyo. Gurudumu la Mwaka linalofahamika (Samhain 31 Oktoba, Yule karibu 21 Desemba, Imbolc 1 Februari, Beltane 1 Mei, na nyingine) limejengwa juu ya kuongezeka na kupungua kwa mwanga. London, siku ndefu kuliko zote inaizidi ile fupi kwa karibu saa tisa. Lamu tofauti hiyo ni dakika kama 16, na Malindi kama 22. Huwezi kulia kwa ajili ya jua lililokufa wakati limezama saa ileile ya jana. Kugeuza tarehe kwa miezi sita, kama wafanyavyo Australia, pia hakusaidii. Kule angalau wana majira ya baridi.

Kinachogeuka hapa ni upepo na mvua. Mwaka unaoshikika ni huu: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, maji yakiwa maangavu na embe ngowe zikiwa sokoni; masika Aprili na Mei; kusi Juni hadi Agosti pamoja na kipupwe chake; kisha matlai na vuli, Septemba hadi Novemba. Weka alama kwenye migeuko, siyo kwenye tarehe. Siku utakayoona tanga zimegeuka mkono ndiyo sikukuu.

Hadithi za kale zinaingia humo vizuri kuliko zinavyoingia Ulaya kaskazini. Demeter, mungu wa mavuno wa Wagiriki, anayemlilia bintiye Persephone, ardhi ikikataa kuotesha, hakai kwenye theluji. Anakaa kwenye kiangazi cha Januari hadi Machi, visima vikishuka, na binti anarudi na mvua ya kwanza ya masika. Isis naye alikuwa mlinzi wa mabaharia: Warumi walimfanyia sherehe tarehe 5 Machi, wakisukuma merikebu majini kufungua msimu wa safari. Hapa bahari huwa kali kusi linapopamba moto na kufunguka linapolegea, hivyo sherehe hiyo ina maana zaidi mwishoni mwa Agosti au Septemba. Chombo chako kiwe cha kuti au cha kumbi la nazi, kirefu shubiri moja, bila msumari, bila uzi wa nailoni, bila rangi.

Pwani ina hesabu yake ya mwaka wa jua, Nairuzi, iliyotumiwa na manahodha na wakulima. Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa hesabu hiyo, husherehekewa hadi leo mwezi wa Julai. Kuijua hesabu hiyo kunasaidia sana. Ila ni mali ya jamii ya Kiislamu inayoiendesha, hivyo usiende kuisimulia kuwa "ibada ya mungu wa kike iliyofichwa".

Ibada ya mwezi mpevu inafanywaje, hatua kwa hatua?

Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua linapozama, kati ya kama saa kumi na mbili na dakika tano na saa moja kasorobo. Swala ya magharibi iko wakati huohuo. Ngoja adhana ipite na watu watoke msikitini, huna haraka. Kuanzia saa mbili usiku mwezi uko juu ya nyumba na mtaa umetulia. Mwezi wa Ramadhani fanya ndani, kimya.

1. Fagia mahali, kisha nyunyiza maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa gilasi moja. Maji ya bahari yanafaa bila kuongeza kitu.

2. Weka katikati taa, kikombe cha maji, dafu moja na mkate au mahamri. Dafu linachukua nafasi ya mvinyo, na Lamu hutaki chupa za mvinyo juu ya paa.

3. Zunguka duara mara moja. Simama katika kila upande mmoja kati ya pande nne.

4. Mwite kwa jina na kwa sifa zake mbili au tatu unazozijua. Nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasoma karatasi mfululizo kwa kuogopa ukimya.

5. Acha mwezi uonekane ndani ya kikombe, uyatazame maji hayo kwa muda, kisha sema ulichokuja kusema.

6. Mimina dafu kidogo kwenye chungu cha mmea au ardhini, unywe lililobaki, mle mkate. Kama mko wengi, kila mmoja ampe wa kushoto kwake.

7. Shukuru, zungusha duara kinyume, zima taa. Fagia tena. Usiache kitu.

Dakika thelathini zinatosha. Mawingu ya masika yakifunika, ibada haivunjiki, mwezi upo.

Vitabu vinasema maji ni magharibi na nizunguke kwa kufuata jua. Mbona hapa haviingiani?

Kwa sababu vimeandikwa Uingereza, ambako Atlantiki iko magharibi na baridi inatoka kaskazini. Malindi bahari iko mashariki. Kuligeukia bara ukaita maji ni kichekesho. Mpangilio unaotumika vizuri pwani hii: mashariki maji, magharibi ardhi, upepo upande unakovuma majira hayo (kaskazini Januari, kusini Julai), na moto upande unaobaki. Kwa hiyo moto na upepo hubadilishana nafasi mara mbili kwa mwaka.

Kufuata jua nako kuna mtego. Uingereza jua la mchana hupita kusini daima, ndiyo maana wao huzunguka kama mshale wa saa. Lamu jua hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya Oktoba na Machi linapita kusini, basi zunguka kama mshale wa saa. Kati ya Machi na Septemba linapita kaskazini, basi anayelifuata kikweli huzunguka kinyume chake. Kama mnaibadilisha, kubalianeni kabla ya kuanza, la sivyo watu watagongana.

Na ile alama ya mwezi wa pande tatu, hilali mbili zimesimama ubavuni mwa duara? Mwezi mchanga wa hapa hausimami, unalala kama dau juu ya maji. Anayejichorea alama yake achore anachokiona.

Naweza kutoa sadaka baharini?

Unaweza, kwa masharti. Ziada ya maji, maua bila uzi wala waya, nafaka kiasi cha kiganja, maziwa kiasi cha kikombe cha kahawa. Usitoe plastiki, gilasi, sarafu, mafuta, nguo, mishumaa wala matunda mazima ambayo yataozea kwenye ufuo wa mwenzio.

Chagua wakati wa maji. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, na maji kujaa na kupwa hupishana kwa mita tatu au zaidi. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni na kupwa kabisa saa nne au tano usiku. Ukitoa maji yakijaa, maua yako yatakurudia miguuni. Toa mwanzoni mwa kupwa, jua likikaribia kuzama, yachukuliwe nje. Ukichelewa hadi saa nne, mbele ya mji wa Lamu utakuta tope tupu. Kila siku inayofuata nyakati husogea mbele kwa kama dakika hamsini, na wavuvi wanazijua kuliko simu yako.

Usiwashe taa ufuoni usiku mahali kasa wanapotaga. Vifaranga wakitoka huufuata mwanga wakidhani ni bahari, wakaishia mchangani wakikauka au kuliwa na kaa. Kombe na matumbawe usiokote kupeleka madhabahuni. Hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa kisheria tangu 1968, na kuchukua kitu humo ni kosa. Sadaka bora zaidi kwa mungu wa bahari, kwa maoni yetu, ni gunia moja la takataka lililotolewa ufuoni baada ya kusi.

Je, naweza kufanya ibada Kaya, au kuweka kigango madhabahuni?

Hapana, na hapana. Misitu ya Kaya za Mijikenda ni mahali pa ibada pa watu walio hai, imo katika orodha ya UNESCO tangu 2008, na kuingia ni kwa idhini ya wazee na kwa masharti yao. Kigango ni ukumbusho wa marehemu wa ukoo fulani wa Wagiriama. Vingi viliibwa na kuuzwa hadi majumba ya makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa. Ukiuziwa kigango, umeuziwa kitu cha wizi. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, ni shujaa na mtu wa historia. Hakuna aliyekuomba umgeuze mungu. Ngoma za pepo nazo ni tiba zenye waganga wake na miiko yake, hazichanganywi na Wicca.

Ni lazima kuvua nguo? Wanaume wanaruhusiwa?

Baadhi ya vikundi vya Wicca vya Uingereza hufanya ibada uchi ndani ya nyumba. Lamu na Malindi usijaribu, si juu ya paa wala ufuoni. Kanga safi inatosha. Wanaume wanaruhusiwa karibu kila mahali, isipokuwa vikundi vya Dianic, tawi la Wicca linalomuenzi Mungu wa Kike peke yake, ambavyo vingi ni vya wanawake pekee.

Nitajuaje kikundi au mwalimu anayeaminika?

Baada ya mkasa wa Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifungishwa kula hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, watu wa kaunti ya Kilifi wana haki ya kuuliza maswali makali kwa kila anayekuja na dini ngeni, nasi tunawaunga mkono. Mwalimu akikuambia ufunge kula kupita siku moja, uache dawa za hospitali, ukate ndugu zako, uuze kiwanja au mnyamaziane kuhusu yanayotendeka usiku, ondoka siku hiyohiyo. Hali kadhalika akidai mapenzi kuwa sehemu ya mafunzo. Ada ya kugharimia chai na ukumbi ni kawaida. Ada ya "kufunguliwa nguvu" ya maelfu ya shilingi ni biashara ya mtu. Msichana au mvulana chini ya miaka 18 hafundishwi bila mzazi kujua na kukubali.

Jirani akiuliza, nimjibu nini?

Ukweli, kwa ufupi na kwa adabu, kabla hajasikia kwa wengine. Mtangulie siku moja mbele: "Shikamoo Bi. Kesho usiku nitakuwa na ibada yangu ya shukrani juu ya paa, mwezi ukitimia. Hakuna dawa wala jina la mtu linalotajwa, na saa tatu tutakuwa tumemaliza. Moshi ukikusumbua nigongee." Akisema hapendi, hamia ndani. Akinyamaza tu, usihesabu kuwa amekubali, rudi kesho yake na sahani ya mahamri umuulize tena.

Nikihama au nikiacha njia hii, vitu vya madhabahu nivifanyeje?

Maji yamwage kwenye mti. Majivu ya ubani yachanganye na udongo wa shamba. Chetezo na vyombo vya udongo vioshe uvitumie au umpe mtu anayevihitaji, havina madhara. Sanamu ya mawe au mbao ukitaka kuiacha, mrudishie fundi au uifukie kwenye ardhi yako mwenyewe mchana kweupe, si usiku, na si ufuoni. Nta iliyobaki iyeyushe umwagie kwenye uzi wa pamba upate mishumaa mipya, au uwape mafundi wa majahazi, wanajua kazi yake kwenye kamba na mbao.